LUPASO SIYO YA TEMEKE! Siku moja ya baiskeli, baridi na mawe ya Kusini

Mwambie kijana yeyote wa Dar kwamba wiki hii unakwenda Lupaso uone atakavyokujibu. Swali la kwanza: "Simba wanacheza na nani?" Swali la pili: "Kiingilio shilingi ngapi?" Wa tatu, yule mwenye kimbelembele, atakuomba umkatie na yeye tiketi ya mzunguko.

Siwalaumu washikaji. Watangazaji wa mpira ndio waliopachika Uwanja wa Benjamin Mkapa jina la "dimba la Lupaso", likanoga, likakaa. Uwanja ule wa watu 60,000 ulifunguliwa mwaka 2007 na ukapewa jina la Mkapa mwaka 2020, baada ya mzee kufariki. Lakini Lupaso yenyewe, ile ya kweli, haina jukwaa kuu wala viti vya bluu. Ni kijiji wilayani Masasi, mkoa wa Mtwara, nyumbani kwa rais wetu wa tatu aliyetawala kuanzia 1995 hadi 2005, na ndiko alikozikwa Julai 29, 2020. Mtu aliyesoma Ndanda, Kigonsera, Pugu halafu Makerere, akazunguka dunia nzima, mwisho wa safari karudi kulala pale pale kwenye mikorosho.

Wazazi wetu wanamkumbuka kwa "Ukweli na Uwazi", na pia kwa neno jingine ambalo halipo kwenye hotuba zake: ukapa. Mama yangu mpaka leo pochi ikikauka hasemi hana hela, anasema "nina ukapa". Na anasema kwa kujidai kidogo, maana yeye mwenyewe ni binti wa Lupaso.

Hapo ndipo nilipopatia njia. Mwezi Julai nilifunga begi nikaenda kwa mjomba.

Kwa usiyejua mambo ya Kusini, ngoja nikuchane. Kule mjomba siyo mtu wa kukuletea peremende sikukuu. Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera wengi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Baba anaweza kubishana na wewe. Mjomba habishani, anaamua.

Basi likavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji (lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo watu walikuwa wakivuka kwa pantoni, na mto ukichafuka mnalala ng'ambo mnahesabu mbu), tukakamata Mingoyo, tukapita Ndanda. Hii siyo timu ya mpira wala yule mwanamuziki Ndanda Kosovo, Mungu amrehemu. Hii ni Ndanda ya watawa Wabenediktini, walioanza misheni yao hapo mwaka 1906 chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, mwaka mmoja tu baada ya Maji Maji kuchoma misheni za Lukuledi na Nyangao. Abasia, hospitali, maji yanatiririka kutoka kwenye ukingo. Nakuomba uyakumbuke hayo maji, tutayarudia.

Lupaso nilipokelewa na baridi. Ndiyo, baridi! Watu wa Dar tunadhani baridi ni mali ya Njombe na Lushoto peke yake. Kipupwe cha Kusini hakina utani. Asubuhi watu wamejikunyata wamezunguka moto wa vijiti, mashuka mabegani, na usiku unasikia ngoma kwa mbali, kwa kuwa huu ndio msimu wa jando na unyago.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Tumbo limekutangulia, hilo."

Alikuwa amekaa ukumbini, goti limefungwa kitambaa. Pembeni yake ilikuwapo Phoenix. Nyeusi, yenye kengele, yenye keria la nondo alilochomelea fundi wa Masasi ili libebe gunia zima. Hiyo baiskeli ilinunuliwa kwa pesa za korosho kabla mimi sijazaliwa. Imebeba korosho, mbaazi, mahindi, wagonjwa wawili kwa nyakati tofauti, na bi harusi mmoja ambaye leo ni shangazi wa watu.

Nilishaanza kuipigia hesabu. Kule Mbagala ningeipaka rangi, ningeivika bendera ya timu, ningetesa nayo Jumamosi. Mjomba akanisoma usoni.

"Siyo yako. Wewe una daladala na mwendokasi. Hii ni ya mdogo wako wa Newala. Anaamka saa kumi usiku, anatembea kwenda shule mpaka viatu vimekwisha pembeni. Goti langu limegoma, hii chuma inakaa bure. Wewe ndiye mwenye miguu. Ipeleke."

"Si tuiweke juu ya basi, mjomba?"

"Basi linavunja spoki."

Nimeshakwambia, mjomba habishani.

Mpaka Masasi mjini nilikwenda nayo taratibu Jumamosi, nikijizoeza. Breki ya mbele ilikuwa inashika, ya nyuma ilikuwa kandambili yangu. Nikalala kwa ndugu, na Jumapili saa 11 alfajiri nikawa barabarani, koti la mtumba juu, mikono nimeivika soksi. Usicheke. Shika usukani wa chuma saa 11 ya mwezi Julai ndipo ucheke.

Sasa, mawe ya Masasi. Kama hujawahi kuyaona nitapata tabu kukueleza, ila nitajaribu. Nchi ni tambarare, mikorosho na miembe, halafu ghafla jiwe moja linatoka ardhini kama kichwa cha mtu anayechungulia kutoka kisimani. Siyo mlima wenye msitu na kona kona, ni jiwe tupu, kubwa kuliko ghorofa lolote la Posta, kijivu, lenye michirizi myeusi ya maji ya mvua. Halafu jingine. Mji umekaa katikati yake, nyumba zimejibanza kwenye miguu ya mawe kama vifaranga. Alfajiri ukungu unafunika chini, vichwa vinabaki juu vinaelea. Nilisimama katikati ya barabara kama mshamba hadi bodaboda akanipigia honi na kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikapita kwanza Mtandi, nje kidogo ya mji, ambako kanisa kuu la Waanglikana limekaa chini ya jiwe. Ibada ya kwanza ilikuwa inakaribia, watu wanakuja kwa miguu, akina mama wamejifunga khanga juu ya sweta. Nikaegesha Phoenix chini ya mwembe nikasikiliza kwaya ikipasha koo.

Historia ya hapa ingekuwa ya nchi nyingine wangeshaifanyia sinema mbili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule bingwa wa Kiswahili aliyejenga kanisa la Mkunazini, Unguja, mahali lilipokuwa soko la watumwa, alitoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa. Walishuka Lindi, wakatembea kwa miguu kuingia bara. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, walikotekwa wengi wao. Walipofika Masasi, kwenye mawe haya, wakaona nchi ni nzuri, wakatua. Watu waliokuwa wamepelekwa pwani kwa minyororo wakarudi kwa miguu yao wenyewe na kuanzisha mji. Miaka sita baadaye, 1882, Wangoni wakauvamia, wakaua na kuteka watu, na misheni ikahamishia nguvu zake Newala. Mwaka 1905 ikachomwa tena wakati wa Maji Maji. Ikajengwa tena. Watu wa Masasi si wa kukata tamaa mapema, ndiyo maana wanashabikia timu wanazozishabikia.

Na hapa Mtandi palikaa mtu ambaye wapenzi wa muziki mnapaswa kumjua. Askofu Trevor Huddleston, Mwingereza. Alipokuwa padri Sophiatown, Afrika Kusini, aliwapigania watu weusi mpaka serikali ya makaburu ikamchukia, na ndiye aliyempa kijana mmoja mtukutu tarumbeta yake ya kwanza. Kijana huyo alikuwa Hugh Masekela. Mwaka 1960 Huddleston akaletwa kuwa askofu wa Masasi, akakaa mpaka 1968. Nikajaribu kumfikiria, mtu aliyetoka kwenye jazz na mabomu ya machozi, anaamka asubuhi kama hii na kukuta jiwe.

Kuna kisiwa Japani kinaitwa Shikoku. Wajapani wana mzunguko wao pale wa mahekalu 88, kama kilomita 1,200. Wengine wanauzunguka kwa miguu na wengine kwa baiskeli, na watalii wanatoka duniani kote kulipa fedha zao wapate jasho la milimani. Sisi tuna Mtandi, Ndanda, Lupaso na Newala, na mtalii niliyemwona siku nzima alikuwa mmoja: mimi.

Haya, tupige pedeli. Masasi hadi Newala ni kama kilomita 70. Nusu ya kwanza haina maneno mengi. Jua lilitoka, soksi zikavuliwa. Mikorosho ilikuwa imetoa maua na wakulima walikuwa wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, kazi inayofanywa alfajiri na mapema kabla upepo haujaamka. Ile harufu ya kiberiti ilinishika kooni kilomita kadhaa. Vijana wamefunga vitambaa puani, mashine mgongoni inanguruma, wametapakaa unga wa njano kama mandazi. Nilimsalimia mmoja, akasema mwaka huu maua yanatia moyo, lakini akaongeza kwamba maua hayaendi mnadani. Wanakumbuka 2018, wanunuzi walipogoma na jeshi likapelekwa kubeba korosho kwa bei ya serikali ya shilingi 3,300 kwa kilo. Wanaijua pia kangomba, ile ya kuuza kwa bakuli kwa mlanguzi kabla ya msimu kwa sababu mtoto anaumwa. Hapo ndipo pesa ya mkulima inapofia.

Pancha moja, nayo siyo ya kuandikia gazeti. Fundi alikuwa chini ya mkorosho na beseni lake la maji, akaibandika kiraka, akagonga tairi kwa kiganja, akakataa hela alipoliona keria. "Hii naijua," akasema. "Ilishapita hapa na mbaazi." Nikamwachia hela ya chai kwa nguvu. Kwa mama jirani yake nikanunua ming'oko ya kuchemsha. Ni mizizi myembamba ya porini, unamenya kama karanga unakula na chumvi. Mtoto wa mjini atasema ni viazi vilivyokonda. Shauri yake.

Halafu ukingo ukatokea.

Uwanda wa Makonde unauona mbali. Unaonekana kama ukuta wa bluu umelala mbele yako, na kila ukichapa pedeli hausogei. Ghafla upo puani. Barabara inaanza kupanda, na Phoenix haina gia, ina moyo tu. Nilikaza kona ya kwanza. Kona ya pili nikasimama juu ya pedeli kama wale wa Ufaransa kwenye televisheni. Ya tatu nikashuka nikasukuma. Kusukuma chuma kile mlimani ni sawa na kumburuza ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Bodaboda zilinipita na abiria watatu watatu. Mmoja akapunguza mwendo, akaniangalia kwa huruma ya kweli, akauliza kama nimefiwa.

Maji yangu, chupa moja kubwa, yaliishia kwenye ile miinuko. Sikujali. Kichwani mwangu nilikuwa na hesabu ya mtu wa mjini: mbele kuna duka.

Sasa nikueleze habari ya uwanda ule. Juu kuna baridi, kuna upepo, kuna mikorosho mizuri na muhogo. Kitu ambacho hakuna ni mto. Udongo ni mchanga mwekundu, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja chini na kwenda kutokea kwenye vyanzo vya bondeni, kule Ndanda na kwingineko. Zamani Wamakonde walikubali kukaa huku juu bila maji kwa sababu ya wawinda watumwa na vita vya Wangoni. Adui hafuati mtu mahali asipoweza kunywa. Usalama huo waliulipia wanawake, ambao walikuwa wakishuka ukingo na kupanda tena na vyungu kichwani. Mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni ulianza miaka ya 1950, ukatanuliwa, na mpaka leo mabomba yanakuja na kukatika. Sehemu nyingi watu hukinga mvua kutoka kwenye bati na kuihifadhi kwenye visima vya saruji. Mvua yenyewe inaanza Desemba, inakwisha Aprili au Mei. Piga hesabu mwenyewe Julai inakuwaje.

Mimi sikupiga. Saa nane mchana ulimi ulikuwa umegeuka kipande cha gome. Duka la kwanza nililolikuta limefungwa, Jumapili. Nikaona nyumba ya udongo yenye bati, bibi amekaa kibarazani anapepeta mbaazi, usoni ana chale za zamani za Kimakonde.

"Hodi bibi. Shikamoo."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Unatoka wapi na chuma hicho?"

"Lupaso, bibi. Naomba maji."

Akanyanyuka bila haraka. Pipa lilikuwa ndani ya mlango, limefunikwa kwa ungo, na juu ya ungo kumewekwa jiwe. Akaondoa jiwe, akaondoa ungo, akachota kikombe kimoja mpaka ukingoni, akakileta kwa mikono miwili, hakumwaga hata tone. Nikakimaliza bila kupumua. Nilipomrudishia, nikaweza kuona ndani ya pipa. Maji yalikuwa chini kabisa, karibu na mchanga.

"Nikuongeze?"

"Hapana bibi, yanatosha," nikadanganya.

Akaniangalia, akarudi, akachota tena. "Mgeni wa kikombe kimoja ataenda kunisema vibaya huko Lupaso."

Nikanywa cha pili polepole mno. Yeye akaendelea na mbaazi zake akinieleza kwamba usichanani mwao walikuwa wakishuka bondeni jogoo wa kwanza, kundi zima, wakiimba kwa sababu ya chui, wakarudi jua limeshakuwa kali. Ukiteleza ukavunja chungu, hupigwi. Unarudi tu chini. Siku hizi ndoo inanunuliwa, inaletwa na vijana wa baiskeli. Akaigonga Phoenix kwenye keria, akapima nondo kwa vidole kama mtu anayechagua kitambaa. "Hii itabeba madumu manne," akasema.

Newala nikaingia saa kumi jioni, miguu si yangu tena. Upepo ulinikuta pale pale. Mwaka 1906 profesa mmoja wa Kijerumani, Karl Weule, alipanda huku na wapagazi, mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema, akarekodi nyimbo na ngoma za Masasi na Newala, vitu vilivyokuwa maajabu hata kwao Ulaya. Kitabu chake kilitoka 1908, na upepo wa Newala umo, aliulalamikia vizuri tu. Miaka zaidi ya mia imepita, upepo haujasoma malalamiko hayo.

Nikajikokota mpaka Shimo la Mungu. Wenyeji hawakukosea jina. Unatembea kwenye ardhi ya kawaida, ghafla haipo. Nchi imeanguka chini, bonde linaenda linaenda, kijani kinageuka bluu, mpaka kwenye Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Vijana walikuwa wanapigana picha za simu, dada mmoja na kiatu kirefu kwenye mawe yale, namvulia kofia. Kwenye ukingo huu Wareno walivuka mto wakaiteka boma ya Newala mwaka 1916, Wajerumani wakawatimua kabla mwaka haujaisha. Baadaye kuanzia 1964 wakaja wengine kutoka ng'ambo, safari hii wakimbizi wa vita vya FRELIMO, na wengi walipokelewa na ndugu zao wa damu, maana Mmakonde yupo pande zote mbili. Mpaka uko kwenye ramani. Kutoka pale juu huuoni.

Mama mdogo alikuwa ananisubiri mlangoni. Mjomba alishapiga simu mara tatu kuulizia hali, siyo yangu, ya baiskeli. Yule dogo, kidato cha pili, mrefu kuliko nilivyomwacha, alinipa shikamoo ya haraka haraka macho yakiwa kwenye chuma. Akabonyeza tairi la mbele. Akazungusha pedeli kinyumenyume kusikiliza mnyororo. Akapiga kengele mara moja, akatazama kama kuna mtu atamkataza. Hakuna aliyemkataza. Nilifikiri ataizungusha uwanjani, awaite wenzake, afanye mbwembwe, mimi ningefanya.

Akaingia ndani akatoka na madumu mawili ya lita 20, halafu mengine mawili. Akayafunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu, fundo moja tu, kama mtu aliyekuwa akilifanyia mazoezi usiku, akaondoka.

"Shule ni kesho," mama mdogo akasema. "Leo bomba la kule chini limefunguliwa."

Nikavua koti. Vumbi jekundu lilikuwa limenikaa mpaka kwenye masikio, salfa kwenye nywele, jasho limekauka mgongoni limekuwa chumvi. Nikamuuliza bafu liko wapi.

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Kaa kwanza, mwanangu. Subiri baiskeli irudi."